Mabakuli ya Dalal

Dalal aliniandikia kwa Kiarabu, bila salamu ndefu, kama mtu niliyeagana naye jana: "Niko kwenu. Njoo unione." Kwenu alikusudia Unguja. Alikuja na mumewe na binti zake wawili kupumzika katika hoteli ya ufukweni, na kwa akili yake Unguja ni kwetu, ingawa mimi nilizaliwa Jeddah, nikasoma Jeddah, na siku nilipoikanyaga Unguja kwa mara ya kwanza nilikuwa mtu mzima anayeuliza njia. Nilikaa na ujumbe ule mchana kutwa. Jioni nikavaa buibui langu jipya nikaenda, kwa sababu nilitaka kuona kama ataniangalia usoni. Aliniangalia. Alinikumbatia, akanishika mashavu, akasema sijabadilika, jambo ambalo si kweli, maana siku hizi hata kipande cha gazeti sikisomi bila miwani. Binti yake mkubwa alimwuliza mimi ni nani, na Dalal akamjibu kwa furaha, mkono wake ukiwa begani mwangu: "Huyu ni Zuwena. Zamani alikuwa akinisaidia kazi." Akaniagizia juisi ya embe. Nikainywa. Nikawazungumzia karafuu na mvua za masika, mambo ambayo wageni hupenda kuyasikia, kisha nikaaga mapema nikisema nyumbani kuna mgonjwa. Hakukuwa na mgonjwa.

Njiani nilikuwa nikilirudia lile neno. Halina ubaya wowote. Anayekushikia ngazi amekusaidia, anayekuonyesha duka la dawa amekusaidia. Na lau Dalal angelisema kwa dharau ningemlaani kimoyomoyo nikalala usingizi wangu. Lakini alilisema kwa mapenzi, na hapo ndipo nilipotambua kwamba hivyo ndivyo alivyouweka mwaka ule kichwani mwake miaka yote hii: yeye alikuwa akianza, na mimi nilikuwa nikimsaidia. Mimi nimeuweka vingine.

Nilikwenda Riyadh kwa sababu ya goti la shangazi Raya. Alikuwa amepasuliwa, hawezi kupanda ngazi wala kusimama jikoni, na jikoni ndiko alikopata riziki yake: alikuwa akipika sambusa, vitumbua na mikate ya kumimina kwa nyumba za Wasaudi zilizomzoea. Mimi nilikuwa na miaka ishirini na minne, nimemaliza mafunzo ya ualimu wa chekechea, nimekaa tu nyumbani kwetu, mtaa wa Kandara, Jeddah, nikisubiri kazi. Baba akasema, "Nenda kakae na shangazi yako mpaka asimame." Basi nikenda. Shangazi aliishi mtaa wa Shumaisi, vyumba viwili juu ya duka la fundi wa mafriji, na mapazia yake hayakuwa yakifunguliwa mchana kwa sababu ya jua. Tulikula chini, juu ya kitambaa cha plastiki chenye picha za zabibu: wali na mchuzi wa samaki wa tui la unga, maana nazi ya kukuna hatukuiona ila kwa bahati. Shangazi alikuwa akila mguu ameunyoosha juu ya mto, huku akisikiliza mazungumzo ya upande wa pili wa ukuta, ambako waliishi wanawake wa Kikenya waliokuwa wakifanya usafi hospitalini. Wakicheka, naye anacheka, halafu ananigeukia na kuniambia, "Kiswahili chao kimevaa suruali, lakini wana maneno matamu." Nikikumbuka furaha ya mwaka ule, chumba kile kipo ndani yake, na harufu ya hiliki iliyoganda kwenye mapazia.

Moja ya nyumba zilizokuwa zikiagiza sambusa za shangazi ilikuwa ya kina Dalal, kaskazini ya mji, nyumba yenye ukuta mrefu na kijumba cha pembeni uani. Wakati ule mwanamke alikuwa bado haendeshi gari, hivyo dereva wao alikuwa akija kunichukua mimi na sinia zangu. Siku ya kwanza niliambiwa nipeleke sinia moja kule kijumbani. Nilimkuta Dalal amekaa sakafuni katikati ya maboksi, nywele kazifunga kwa kalamu, akifunua vitu vilivyozongwa kwa magazeti yenye maandishi nisiyoyajua. Alikuwa amerudi karibuni kutoka Japani, alikokwenda kusoma. Hakuniuliza jina. Alinitilia bakuli mkononi akasema, "Shika hili." Lilikuwa zito kuliko nilivyodhani, jeusi, limemiminikiwa rangi ya kahawia upande mmoja, na ubavuni lilikuwa na bonde dogo kama mtu alilibonyeza kwa kidole gumba kabla halijakauka. Chini, kwenye mguu wake, udongo ulikuwa mtupu, haukupakwa kitu, na ukipitisha kidole unasikia mistari ya kidole cha aliyelifinyanga.

"Hili limeharibika?" nikamwuliza.

Alicheka. "Humu ndani wote wamesema limeharibika. Wewe wa kwanza kuuliza."

Akanieleza kwamba yalifinyangwa kwa mkono na mzee mmoja na mkewe, katika kijiji cha milimani, na kwamba hakuna mawili yanayofanana. Kisha akanitengenezea chai, ile chai yao ya kijani ya unga ambayo sasa hata hoteli za Unguja zinaiuza kwa barafu na maziwa. Aliliosha bakuli kwa maji ya moto ili lipate joto, akalifuta, akachekecha unga, akatia maji yaliyokwisha kutulia baada ya kuchemka, akachukua kifaa cha mwanzi mmoja uliochanwa ncha yake mpaka ukawa kama nywele. Nikamwambia sisi tuna kitu cha namna hiyo, upekecho, lakini wetu unasokotwa kwa viganja viwili. "Huu hausokotwi," alisema. "Unaupiga mbele na nyuma, kifundo cha mkono kiwe laini, mpaka povu lifunike." Povu lake halikufunika. Mikono yake ilikuwa ikitetemeka kidogo, daima ilikuwa ikitetemeka, tangu utotoni. Akanipa mimi nijaribu, na kwa kuwa nimekua nikipiga mayai ya mikate ya kumimina, langu likatoka laini kama la sabuni. Nikanywa. Ilikuwa chungu, uchungu wa jani bichi, na nyuma yake kuna ladha ya mwani. Nilipokwenda kumweleza shangazi, alinisikiliza mpaka mwisho, akasema, "Hicho ni kisamvu cha kunywa. Na huyo mwenyewe anaitwa nani?" Nikamwambia anaitwa Dalal. Akasema, "Basi jihadhari asije akakudalalia." Tulicheka sana usiku ule.

Baada ya hapo dereva alianza kuja hata siku ambazo hakuna sambusa. Mchana, watu wa nyumba wamelala, mimi na Dalal tulikaa kijumbani, kiyoyozi kikinguruma, tukinywa ile chai na kula tende zilizojazwa lozi, kwa sababu bila kitu kitamu hainyweki. Tulizungumza Kiarabu, mimi changu cha Kihijazi, cha upande wa Jeddah, na yeye cha Kinajdi, cha upande wa Riyadh, tukichekana matamshi. Alinieleza upweke wa Japani, jinsi watu walivyokuwa wakimkodolea macho ndani ya treni, jinsi alivyokuwa akiulizwa atarudi lini kwao hata na watu wema. "Wewe peke yako unaelewa," aliniambia siku moja. "Dada zangu nikiwaeleza wanadhani najidai." Nilielewa kweli. Nilimpenda, na sioni haya kuliandika hilo. Sikuwa nimepata kuwa na rafiki anayeniletea gari kwa sababu tu ana jambo la kuchekesha la kunisimulia.

Video ya kwanza ilikuwa mchezo. Nilikuwa na hina mikononi, ya harusi ya binti wa jirani, na Dalal akasema tusiache ipotee. Yeye akashika simu, mimi nikapiga chai ndani ya lile bakuli jeusi. Uso hauonekani, ni mikono, bakuli, upekecho na ile sauti yake ya kukwaruza taratibu. Akaitia mtandaoni. Jioni ile watu walianza kuuliza vitu hivi vinapatikana wapi, na baada ya muda Dalal akaagiza maboksi mengine kwa yule mzee na mkewe, tukawa tunafunga seti: bakuli, upekecho na kigingi chake cha udongo cha kuukaushia, kijiko cha mwanzi na kichekecheo. Kila siku mbili tatu tulirekodi video mpya. Nilijifunza kuvituliza vidole vyangu, kuufuta ukingo wa bakuli kwa mzunguko mmoja, kuuinua upekecho katikati ili povu liache kinundu kidogo. Wiki iliyopita, niliporudi kutoka kule hotelini, nilizitafuta video zile kwenye ukurasa wake. Zimefutwa. Ya mwanzo iliyobaki ina mikono ya mtu mwingine.

Kulikuwa na dalili, lakini nilizipita. Watu walikuwa wakiandika chini ya video, na Dalal alikuwa akinisomea huku amelala chali juu ya zulia. Mmoja aliandika: "Khaddama wako hodari, umemfundisha vizuri." Khaddama, yaani mtumishi wa ndani. Dalal alilisoma kwa sauti, akacheka, akapita kwenye la pili. Nilisubiri amjibu yule mtu. Nilidhani atajibu baadaye. Mara nyingine tulialikwa katika nyumba moja kubwa kuwaonyesha wanawake namna ya kutengeneza. Dalal alizungumza, mimi nilipiga chai, na tulipomaliza mwenye nyumba akaniambia kwa upole, "Wasichana wako jikoni, chakula kipo." Nikamtazama Dalal. Alikuwa ameinama akiyapanga mabakuli ndani ya boksi. Nikenda jikoni. Palikuwa na dada mmoja wa Kikenya, mwembamba, kitambaa cha maua kichwani, akanipakulia wali wa kabsa kwenye sahani ya plastiki bila kuniuliza kitu. Nilipomshukuru kwa Kiswahili alisimama kidogo, halafu akavuta kiti.

"Kumbe wewe ni wetu. Madam wako yuko aje? Anakuachia simu?"

"Si madam wangu," nikamwambia. "Ni rafiki yangu."

Akaniongezea kipande cha nyama. "Sawa tu, dada. Kula."

Nilimkasirikia njia nzima kurudi, yeye yule dada, wala si mwingine.

Kati ya mambo hayo akafariki kafili wa baba, yaani mwenyeji aliyemdhamini kisheria kukaa nchini. Alikuwa mzee mwenye duka la vitambaa, na baba alimfanyia kazi tangu ujanani, lakini wanawe hawakulitaka duka wala watu wa duka. Kwa anayejua maisha yale hakuna la kueleza zaidi. Ikama ya baba, kibali chake cha kuishi kule, ilikuwa inaelekea kwisha bila mtu wa kuihuisha, na mimi nilikuwa ndani ya karatasi za baba. Yake ikifa, na yangu imekufa. Wakati huohuo skuli moja ya chekechea Jeddah ikanipigia simu. Mwalimu mkuu, mama mmoja mwenye sauti ya haraka, alisema nafasi ipo na wao watanihamishia ukafili, nijibu kabla ya mwisho wa juma. Nikamweleza Dalal, nikidhani ninampa habari njema.

Aliweka bakuli chini. "Chekechea? Ukafute makamasi ya watoto wa watu? Na sisi je?"

"Nahitaji karatasi, Dalal."

"Nitakufanyia mimi. Fahad anasajili kampuni mwezi huu, na jina la kwanza kuandikwa litakuwa lako. Tutafungua nyumba ya chai kwenu Jeddah, mji mkongwe, wewe ndiye utakayeiendesha. Waambie hapana."

Fahad ni kaka yake mkubwa. Sikupata kukaa na kuyapima yale maneno. Yalikuwa yananitaka mimi, kwa jina, na tangu nizaliwe karatasi zote zilikuwa zinamtaka baba. Niliipigia skuli nikawaambia hapana. Yule mama akasema, "Una hakika, binti yangu?" Nikasema nina hakika.

Ili nisione kwamba ni maneno matupu, Dalal alikuja Jeddah. Tulikuja pamoja kwa ndege, yeye na Fahad na mimi, wakatazama nyumba moja ya kale yenye madirisha ya mbao iliyokuwa ikipangishwa, na Fahad alipokwenda kwenye shughuli zake, Dalal akasema anataka kuja kwetu. Nilimpigia baba asubuhi ile. Baba, aliyekuwa akiishi peke yake tangu mama afariki na mimi kwenda Riyadh, alitoka mbio sokoni. Tulipofika Kandara tulimkuta amevaa kanzu ya Idi, chumba kimefagiliwa mpaka ngazini, na amepika mwenyewe: pilau, samaki wa kupaka, achari ya ndimu aliyokuwa akiificha nyuma ya kabati. Chumba chetu hakikuwa na makochi, kilikuwa na magodoro ya kukalia na dirisha linalotazama uchochoro, na kutoka chini unasikia wanyozi wakigombana kuhusu mpira. Dalal alivua viatu, akakaa chini, akala kwa mkono. Aliongeza pilau. Alimchambua samaki mpaka mfupa ukabaki mweupe, akamwuliza baba ameweka nini ndani, na baba akamwambia ukwaju, akamwambia na nazi ya unga, akamwomba radhi kwa ajili ya ile nazi. Nilikuwa nikiwatazama wale watu wawili na nikahisi kwamba maisha yangu yamekaa mahali pake.

Baba alimsubiri amalize kunawa. Kisha akamwambia kwa kile Kiarabu chake cha taratibu, "Binti yangu, huyu amekataa kazi kwa ajili yako. Mimi naondoka, hilo limekwisha. Yeye kwao ni hapa. Karatasi zake ziko wapi?"

Dalal akaweka kidole chini ya jicho lake. "Juu ya jicho langu hili, ami. Zuwena habaki nje."

Hakuna kiapo kilichobaki baada ya hicho. Baba alishuka naye mpaka kwenye gari, akamfungulia mlango. Jioni alikaa kwa wanyozi, na kila aliyepita alimwambia kwamba yeye anarudi Unguja kupumzika, lakini binti yake anabaki, ana rafiki mwenye kampuni.

Tulirudi Riyadh. Mwezi ule wa Fahad ukapita, na mwingine. Nilipouliza, Dalal alisema mambo ya ofisi yana foleni, nikaamini, kwa sababu mambo ya ofisi yana foleni kweli. Shangazi alikuwa ameanza kusimama, akipika akiwa ameegemea meza, na wakati mwingine alikuwa akinitazama nikivaa abaya kumngoja dereva, kisha anarudia sambusa zake. Siku moja, baada ya sala ya alasiri, nilikuwa kwenye kijichumba cha kuoshea cha pale kijumbani, nikiyasuuza mabakuli. Hatukuwa tukiyaosha kwa sabuni, ni maji ya moto na vidole tu, ili udongo usishike harufu. Fahad akaingia kule mbele. Sikumwona, nilimsikia. Alikuwa akizungumzia maonyesho yatakayofanyika katika hoteli kubwa, na mshirika mmoja anayetaka kutia fedha zake.

"Vitu vyako vizuri, amevipenda," alisema. "Kilichomkera ni ile mikono."

"Imefanya nini?" Dalal akauliza.

"Usijifanye hujui. Kila anayetazama anauliza kama ni khaddama. Kitu cha ghali hakiuzwi kwa mikono ile. Tafuta mtu mwingine."

Nilifunga bomba ili nisikie vizuri. Nilikuwa nikisubiri aseme jina langu. Nilikuwa nikisubiri aseme huyu si khaddama, huyu ni mwalimu, huyu nimekula kwao, lolote kati ya hayo lingetosha. 

"Ni wa muda tu," Dalal alisema. "Wala sijamfungulia karatasi yoyote. Ukipata mtu mwingine mlete, mimi sina neno."

Fahad akatoka. Dalal akaja kule nyuma, akachukua taulo, akasimama ubavuni mwangu akaanza kuyafuta mabakuli niliyokwisha kuyasuuza, huku akiimba kwa pua. Baada ya kufuta la pili akasema, "Mbona uko kimya leo?"

"Nimesikia."

Aliendelea kufuta. "Umesikia maneno ya wanaume. Kampuni iko kwa jina la Fahad. Nikimkatalia, anafunga kila kitu. Wewe unajua mimi naionaje mikono yako."

"Na lile la karatasi, nalo ni la Fahad?"

Alichukua bakuli jingine. Alisema, "Zuwena, usiniharibie sasa. Acha maonyesho yapite, nitakaa naye nimweleze." Halafu akaniangalia kwa yale macho yake ya kuomba, akasema wamempata binti mmoja, jamaa yao wa mbali anayeitwa Noura, lakini hajui kitu. Nikamfundishe.

Nilimfundisha. Watu niliowasimulia habari hii huishia hapo na kuniuliza kwa nini, na wengine hunikasirikia kuliko wanavyomkasirikia Dalal. Nilimfundisha kwa sababu bado nilikuwa na matumaini, na matumaini ya mtu asiye na karatasi hayajui aibu. Nilidhani nikiwa mwema watanionea haya. Noura alikuwa msichana mpole, mikono yake myeupe na myembamba, na alikuwa akichoka upesi. Nilimshika kifundo cha mkono kumwonyesha asikikaze. Alipouliza nani alinifundisha mimi, nilisema Dalal. Siku povu lake lilipotoka vizuri aliruka kama mtoto akanibusu, na Dalal, aliyekuwa ameshika simu, akasema, "Halas, tumempata." Alikuwa akimwambia nani, sijui.

Maonyesho yalipita. Sikualikwa. Dereva akaacha kuja, na nikipiga simu mara yuko kwenye kikao, mara atanipigia yeye. Niliipigia skuli ya chekechea, na yule mama wa sauti ya haraka akaniambia kwa huruma kwamba nafasi ilijazwa zamani. Mwishowe Dalal aliniandikia ujumbe mrefu wenye maua mengi, akisema Fahad amekataa katakata, kwamba moyo wake umevunjika, kwamba mimi ni dada yake na udada hauhitaji karatasi. Nilimpa shangazi Raya simu ausome. Aliusoma wote, midomo ikimchezacheza. Alinyanyuka kwa lile goti lake, akaenda jikoni, akaniletea mkate wa kumimina uliokuwa bado wa moto, akakaa karibu yangu mpaka nikaula.

Nilirudi Jeddah kwa basi la mchana. Njia nzima nilikuwa nikitunga namna ya kumwambia baba. Nilimkuta anakunja nguo. Alikuwa ameshagawa vitu vyake, cherehani kwa huyu, magodoro kwa yule, lakini vyangu alikuwa ameviacha vilivyo, rafu yangu ya vitabu, jiko dogo, sufuria mbili na vikombe, kwa kuwa mimi nabaki. Nilimwambia nikiwa bado nimesimama mlangoni na mkoba wangu. Sikumweleza habari za mikono. Nilimwambia tu kwamba karatasi hazipo wala hazikuwahi kuwepo.

Aliendelea kukunja mikono ya shati mpaka ikalala sawa. "Yule aliyekula hapa?"

"Ndiye."

Akafikiri. "Basi huenda hakushiba," alisema, akaanza kuviteremsha vitabu vyangu kutoka kwenye rafu.

Hakulitaja tena jina lake mpaka alipofariki, na mimi sikupata kumwona akikaa tena kwa wanyozi. Siku tulizobakiza alikuwa akipitia uchochoro wa nyuma. Hilo ndilo ninaloshindwa kumsamehe Dalal, hata leo baada ya kuninunulia juisi. Mimi kazi na nchi ningejifariji, watu wengi wamepoteza zaidi. Lakini mzee yule aliondoka mahali alipoishi umri wake wote huku akiwakwepa watu aliokuwa akinywa nao kahawa, kwa kuwa aliwaambia jambo akaliamini.

Uwanja wa ndege ulikuwa umejaa. Kijana wa uhamiaji aliyepokea karatasi zetu za kuondoka nchini bila kurudi hakuwa mkali. Aliposikia namna ninavyozungumza aliinua kichwa akaniuliza mimi ni wa mtaa gani. Nikamwambia Kandara. Akauliza kama ni kule nyuma ya kituo cha zamani cha mabasi, nikasema hukohuko, naye akafurahi, akasema bibi yake alikuwa akiishi kule na yeye ameukulia uchochoro ule, na je, yule muuza maharage ya fuuli wa pembeni yupo bado? Nikamwambia yupo, ila siku hizi anayeuza ni mwanawe. Tulizungumza hivyo huku anagonga mihuri. Kisha akaichukua ikama yangu, akaitia kwenye droo pamoja na nyingine, akanirudishia pasipoti.

"Nisalimie watu wa Kandara," alisema, kama vile ningewaona jioni ile.

Nikamjibu kwamba salamu zitafika, nikamshika baba mkono, tukaingia ndani.